Aliyepunguziwa Saa Naye Amepoteza Kazi

Tarehe 17 Machi, 2020, serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mwalimu wa shule ya serikali alirudi nyumbani, na mshahara wake ukaendelea kuingia benki kila mwisho wa mwezi. Mwalimu wa shule binafsi naye alirudi nyumbani, lakini mshahara wake ulikuwa ni ada za wazazi, na ada zilikatika. Kidato cha sita kilirudi darasani tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo mitatu na ushei walikuwapo walimu waliolipwa nusu, walikuwapo waliolipwa robo, na walikuwapo walioambiwa wasubiri hali itengemae. Hawakufukuzwa. Majina yao yalibaki katika daftari la shule, na chaki zao zilibaki kabatini. Na kwa kuwa hawakufukuzwa, machoni pa sheria ya hifadhi ya jamii hawakuwa wamepatwa na jambo lolote.

Huo ndio upofu unaostahili kusemwa bila kung'ata maneno. Sheria inamjua mtu mwenye kazi na inamjua mtu asiye na kazi. Haimjui yule aliye katikati, ambaye jana alifanya kazi siku tano na leo anafanya siku mbili, ambaye mwenye nyumba anamdai kodi ya mwezi mzima na duka la jirani halimuuzii nusu kilo ya sukari kwa nusu ya bei ya nusu kilo. Mtu huyo yupo, na kila uchumi unapoyumba huwa wengi kuliko waliofukuzwa. Mwaka ule ule wa 2020 walionekana katika hoteli za Unguja na Arusha, katika kampuni za kupokea watalii, na kila mahali palipokuwa na kazi ya kumhudumia mgeni ambaye ndege yake haikuja.

Ni vema kukumbuka jinsi mambo yalivyofikia hapa. Zamani mfanyakazi aliyeachishwa kazi aliweza kuchukua michango yake kwa kile kilichoitwa fao la kujitoa. Wafanyakazi walilipenda fao hilo, hasa wa migodini, na lilipotaka kuondolewa mwaka 2012, kelele zilizopigwa hazikuwa ndogo. Serikali ilijibu kwamba Mfuko si kibubu, kwamba michango ni akiba ya uzeeni, na kwamba anayevunja kibubu leo atakuja kuomba kesho. Jibu hilo lilikuwa na uzito. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, iliyounganisha mifuko minne kuwa mmoja, na pamoja nayo likaingia fao jipya: fao la upotevu wa ajira, kwa watumishi wa umma na kwa wanachama wa NSSF wa sekta binafsi. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, ambaye hajafikia umri wa miaka 55, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na ambaye hana ajira nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6.

Basi na lisemwe wazi: kuwa na fao hilo ni hatua mbele. Nchi nyingi za Afrika hazina hata hilo. Lakini serikali iliposema kwamba Mfuko si kibubu bali ni bima, ilijifunga kwa neno lake. Kibubu humpa mtu kile alichoweka. Bima humfidia mtu kile alichopoteza. Na aliyepoteza nusu ya mshahara amepoteza nusu ya mshahara. Hakuna hesabu ya darasa la nne inayoweza kuifanya nusu hiyo kuwa sifuri.

Ubaya wa mpango ulivyo sasa unaonekana zaidi pale sheria hii inapokutana na nduguye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na wahusika juu ya hatua zozote zinazoweza kuepusha au kupungua kwa upunguzaji huo. Ni kifungu chenye busara. Sasa wakutanishwe mezani mwajiri na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, waulizwe: ni hatua gani ya kwanza ya kuepusha watu wasifukuzwe wakati kazi imepungua kwa muda? Jibu la kila mtu mwenye akili ni kwamba kazi iliyopo igawanywe. Badala ya mmoja kutoka, wote wapunguze siku. Sheria moja inawaita watu hao mezani na kuwaambia watafute njia hiyo. Sheria ya pili inawangoja mlangoni na kuwaambia kwamba wakiifuata hawatapata hata senti, ila wakimtoa mwenzao mmoja, huyo mmoja atalipwa. Serikali moja, sheria mbili, na mfanyakazi katikati yao anavutwa kama kamba.

Watasema wenye kutunza fedha kwamba Mfuko hauna uwezo wa kulipa kila aliyepunguziwa saa. Hoja hii husemwa kwa sauti nzito na mara nyingi hukubaliwa kabla ya kupigiwa hesabu. Na ipigiwe. Chukua karakana yenye mafundi watano, kila mmoja analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi, na kazi ikapungua kwa sehemu moja katika tano. Njia ya kwanza ni kumfukuza mmoja. Wanne wanaendelea na mshahara kamili, na wa tano anakwenda kwenye Mfuko, ambako asilimia 33.3 ya mshahara wake ni kama shilingi 200,000 kwa mwezi. Njia ya pili ni kwamba wote watano wanafanya siku nne badala ya tano, na kila mmoja analipwa shilingi 480,000. Kila mmoja amepoteza sehemu moja katika tano ya kazi yake. Basi Mfuko umlipe sehemu moja katika tano ya fao ambalo angelipwa kama angefukuzwa, yaani shilingi 40,000. Wako watano: jumla ni shilingi 200,000.

Ni fedha zile zile. Tena mishahara ya watu wanne kwa shilingi 600,000 ni 2,400,000, na mishahara ya watu watano kwa shilingi 480,000 ni 2,400,000, kwa hiyo hata michango inayoingia katika Mfuko haipungui. Mwajiri naye haongezi gharama ya mishahara, na anaokoa kiinua mgongo ambacho angemlipa anayeondoka, pamoja na taabu ya kumtafuta na kumfundisha fundi mgeni kazi zitakaporudi. Aliyebadilikiwa na hali zaidi ni fundi wa tano. Katika njia ya kwanza alishuka kutoka shilingi 600,000 hadi 200,000, na baada ya miezi 6 hadi sifuri. Katika njia ya pili ana shilingi 520,000, ana kazi, na mikono yake haijasahau ufundi.

Jambo hili halikubuniwa jana. Marekani, katika mdororo mkuu wa miaka ya 1930, kampuni nyingi zilihimizwa na serikali ya Rais Hoover zigawe kazi iliyopo. Mwaka 1932 iliundwa kampeni rasmi ya kueneza ugawaji huo, na aliyewekwa kuiongoza alikuwa Walter Teagle, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey. Fedha za kumfidia mfanyakazi hazikuwapo, kwa maana bima ya kitaifa ya kukosa kazi ilikuja na sheria ya 1935. Kwa hiyo aliyetoa alikuwa ni mfanyakazi peke yake: mwenye siku tano alimgawia asiye na siku, na tajiri wa mafuta akasimama pembeni akipiga makofi. Wafanyakazi waliona kwamba wanagawana umaskini, na hawakukosea. Kugawana kazi bila fidia ni kumwambia maskini amtunze maskini.

Hata bima ilipokuja, kasoro haikuondoka. Katika majimbo mengi ya Marekani, aliyepunguziwa saa hulipwa tu kama ujira uliobaki ni mdogo kuliko fao ambalo angelipwa akiwa hana kazi kabisa, au umelizidi kidogo sana. Mfanyakazi wa dola 800 kwa wiki, ambaye fao lake kamili ni dola 400, akipunguziwa siku moja hubaki na dola 640. Kwa kuwa 640 ni zaidi ya 400, hapati kitu. Akipunguziwa siku tatu, akabaki na dola 320, hapo ndipo mlango unapofunguliwa kidogo. Maana yake ni kwamba sheria inamvumilia mwajiri anayemwumiza sana mtu mmoja, na inawaadhibu wafanyakazi wanaokubali kila mmoja aumie kidogo.

Waliokuwa wa kwanza nchini humo kuinyoosha kasoro hiyo walikuwa watu wa California, mwaka 1978, na sababu yao inapaswa kumgusa kila mtumishi wa serikali. Mwezi Juni mwaka huo wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha pendekezo namba 13, lililobana kodi ya majengo na ardhi. Hofu ikaenea kwamba halmashauri na wilaya za shule, zikikosa kodi, zitafukuza watumishi na walimu kwa wingi. Ndipo ikatungwa sheria ya kulipa fao kwa sehemu: aliyepunguziwa asilimia 20 ya saa zake alipwe asilimia 20 ya fao lake la wiki. Mfanyakazi yule wa dola 640 sasa huongezewa dola 80. Baadaye sheria hiyo ilitumika zaidi viwandani kuliko katika ofisi za umma, lakini mama yake ilikuwa ni hofu ya mwalimu na karani. Arizona na Oregon zikafuata. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2012 iliweka kipimo, kwamba saa ziwe zimepunguzwa kwa asilimia isiyo chini ya 10 na isiyozidi 60, na kwamba mfanyakazi wa namna hii halazimiki kuzunguka akitafuta kazi nyingine, kwani kazi anayo. Mahali penye chama cha wafanyakazi, chama lazima kikubali mpango kwanza.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Huko aliyepunguziwa saa hulipwa asilimia 60 ya mshahara halisi alioupoteza, na mwenye mtoto hulipwa asilimia 67. Mwaka 2009 uchumi wa nchi hiyo ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, na wafanyakazi karibu milioni moja na nusu wakawa katika mpango huo. Lakini idadi ya wasio na kazi haikupanda kama ilivyopanda kwingine. Aprili 2020 walifikia karibu milioni 6. Viwanda vilipowasha mitambo tena, mafundi walikuwa tayari mlangoni.

Hapa hujitokeza msemaji wa pili, na huyu ni mjanja kuliko yule wa kwanza. Husema: Ujerumani ni Ujerumani, hapa kwetu waajiri ni wezi, wataandika kwamba saa zimepunguzwa huku watu wanafanya kazi kutwa nzima, na Mfuko utageuzwa shamba la bibi. Ni kweli kwamba udanganyifu upo, na hata Ujerumani waajiri wengine walichunguzwa kwa wizi wa namna hiyo mwaka 2020. Lakini hoja hii inathibitisha haja ya ukaguzi, haithibitishi haja ya kumnyima mwenye haki. Mwajiri asiyepeleka michango ya wafanyakazi wake naye ni mwizi, tena wa siku nyingi, na hakuna aliyependekeza kwamba kwa sababu yake pensheni ifutwe. Kinga ya kwanza dhidi ya udanganyifu huu ni mfanyakazi mwenyewe. Aliyelipwa shilingi 480,000 kwa siku nne hatakubali kwa moyo mkunjufu kufanya siku tano, na kama mpango umetiwa saini na tawi la chama chake, atajua mahali pa kupeleka malalamiko.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo ni zito na lisipuuzwe. Wananchi wengi wa Tanzania hawamo katika Mfuko wowote. Mkulima, mama lishe, mvuvi, kijana wa bodaboda: mvua ikikosa au soko likifungwa, saa zao hupunguzwa na Mungu au na mgambo, na hakuna wa kuwafidia. Kwa nini basi wachache wenye mishahara waongezewe kinga juu ya kinga? Jibu ni kwamba fedha zinazozungumzwa hapa hazitoki katika mfuko wa mkulima. Ni michango ya wafanyakazi wenyewe na ya waajiri wao. Na fundi anayefukuzwa mjini haangukii hewani. Huangukia kwa ndugu zake, na mara nyingi ndugu hao ni mkulima yule yule na mama lishe yule yule. Pingamizi hili ni sababu nzuri ya kupanua hifadhi ya jamii ifike mashambani na sokoni. Si sababu ya kuiacha iwe na tundu pale ilipo.

Wafanyakazi wenyewe nao wasijifanye watakatifu. Katika mfano wa karakana, wale mafundi wanne ambao hawakuwa katika hatari ya kufukuzwa watapoteza kitu wakikubali kugawana. Na kwa kuwa desturi ni kwamba aliyeingia mwisho hutoka kwanza, kila mzee wa kazi anajua mapema kwamba kisu si cha shingo yake. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilivutana sana juu ya jambo hilo, wakongwe wakiuliza kwa nini wao wakatwe kwa ajili ya vijana wa juzi. Swali hilo litaulizwa hapa pia. Ila bila fao, mzee wa kazi anaombwa kutoa shilingi 120,000 kila mwezi. Kwa fao, anaombwa kutoa shilingi 80,000. Udugu ni jambo jema, lakini mtu mwenye watoto watatu shuleni hufanya udugu kwa kadiri ya mfuko wake, na kazi ya sheria ni kuufanya udugu huo uwezekane.

Na sasa na itazamwe hali ya yule ambaye hakugawana kwa hiari bali alikatwa tu. Mwajiri ameshusha saa, mshahara umeshuka nusu, mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita. Mfanyakazi amechoka, anaandika barua ya kuacha kazi. Anapokwenda kwenye Mfuko anaulizwa: umefukuzwa au umeacha? Ameacha. Basi hana haki, kwa kuwa ameacha kwa hiari. Hiari gani? Sheria ya 2004 inatambua kwamba mtu anayelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike ni sawa na aliyeachishwa. Lakini hilo ni lazima alithibitishe mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mlango wa Tume kwa shauri la kuachishwa isivyo halali hufungwa baada ya siku 30. Mtu ambaye hana nauli ya kwenda mjini anatakiwa ashinde shauri ili aweze kuitwa mtu asiye na kazi. Akivumilia asiache, na mwishowe akafukuzwa, kiinua mgongo chake ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, usiozidi miaka 10. Na kama mshahara utakaoshikwa katika hesabu ni ule uliokwisha kukatwa, basi uvumilivu wake wenyewe utakuwa umemla. Kila njia anayoshika inamrudisha chini. Mjanja peke yake katika hadithi hii ni yule aliyefukuzwa siku ya kwanza.

Shirika la Kazi Duniani liliona tatizo hili zamani. Mkataba wake Na. 168 wa mwaka 1988 unazitaka nchi zijitahidi kupanua kinga ya kukosa kazi iwafikie pia wale ambao saa zao za kawaida zimepunguzwa kwa muda, na wale ambao kazi yao imesimamishwa bila ajira yao kuvunjwa. Ni nchi chache tu zilizouridhia mkataba huo. Lakini hakuna anayehitaji kungoja Geneva ili kufanya jambo ambalo hesabu yake imekwisha kuonyesha kwamba halina gharama mpya.

Linalotakiwa si sheria nyingine nene. Ni marekebisho yanayosema kwamba upotevu wa ajira ni pamoja na kupunguzwa kwa saa za kazi kwa kipimo kitakachotajwa, tuseme kuanzia sehemu moja katika tano. Kwamba mpango uwe wa maandishi, uwe na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, usainiwe na mwajiri na tawi la chama au, pasipo tawi, na wafanyakazi wenyewe, na upitishwe na afisa kazi. Kwamba fao lilipwe kwa kadiri ya saa zilizopotea. Na kwamba mfanyakazi akija kufukuzwa baadaye, fao lake na kiinua mgongo chake vihesabiwe kwa mshahara aliokuwa akiupata kabla ya kupunguziwa. Jambo hili la mwisho lisiachwe, maana bila hilo hakuna mfanyakazi mwenye akili atakayetia saini.

Watakaoandika marekebisho hayo ni watumishi wa wizara na wa Mifuko, ambao saa zao wenyewe hazikupunguzwa mwaka 2020 na pengine hazitapunguzwa kamwe. Hawana haja ya kusafiri wala kuunda kamati ya kukusanya takwimu. Orodha ya michango ambayo mwajiri huipeleka kwenye Mfuko kila mwezi inaonyesha mshahara wa kila mtu kwa jina. Wazifungue orodha za shule binafsi za Februari 2020, waziweke kando ya zile za Mei mwaka huo, kisha watoe moja katika nyingine.